Mikono ya Gauni la Tumu

Ngamiani, Tanga
3 Februari 2025

Kwa Bi Biubwa,

Amani iwe nyumbani kwako. Mimi ni Kidawa, mama yake Tumu. Hatujawahi kuandikiana na sikutarajia nianze mimi, lakini gauni limenilazimisha.

Binamu yangu Fauzia, anayekuja Fordsburg kununua mashuka ya kuuza, atakukabidhi mfuko. Ndani mna gauni la Idi la Tumu, pamba ya kijani yenye nukta nyeupe. Mabega nimeyaunga, kola nimeweka, kifua nimekitia marinda. Mbavu ziko wazi. Mikono nimeikata nikaikunja peke yake, sikuishona. Mtoto ana mwaka na nusu mbali nami. Urefu wa gauni naweza kuukisia, upindo utasaidia. Mkono haukisiwi.

Naambiwa wewe ni fundi, kwa hiyo sitakufundisha kazi. Nasema tu ninavyotaka. Mkono ushonwe bapa. Tandaza gauni mezani mbavu zikiwa wazi, uunge mkono begani kwanza, ndipo ufunge mshono mmoja, kutoka ncha ya mkono mpaka kwapani na kutoka kwapani mpaka chini. Usifunge ubavu kwanza halafu ukaja kuupachika mkono kwa kuuzungusha. Najua mafundi wa mjini wanaipenda njia hiyo ya duara. Na ndani ya mshono uache vidole viwili vya kitambaa, kuanzia juu hadi mwisho.

Usinipigie simu. Namba yako ninayo, mumeo Ameir alinipa. Sauti yako sijajiandaa kuisikia. Na kwenye simu ya Ameir, kila nikizungumza na mwanangu, namsikia yeye akipumua pembeni. Andika, umpe Fauzia, au mtu wa basi ambaye Fauzia anamwamini.

Kidawa


Fordsburg, Johannesburg
18 Februari 2025

Dada Kidawa,

Salamu zimefika na mfuko umefika. Marinda ya kifua umeyapiga vizuri, nakiri. Kola imetulia. Mikono ndiyo yenye maneno.

Mimi nashona mashati ya shule huko Marshalltown, ghorofa ya tatu, meza moja na Marcelline, Mkongomani wa Bukavu. Mashati tunayashona bapa kwa sababu ni haraka na tajiri anataka mengi. Gauni la Idi si shati la shule. Mkono ukipachikwa kwa duara, ubavu ukiwa umeshafungwa, bega linajaa na kwapa halina mkunjo. Ukishonwa bapa, mtoto akiinua mkono gauni zima linapanda naye. Na Tumu hatulii. Kutwa anaruka kamba nje na watoto wa jirani, mikono juu.

Tena mikono uliyokata ni ya mtoto uliyeagana naye. Huyu aliyeko hapa ana mabega.

Sikutaka kukukosea adabu, kwa hiyo nilifanya hivi. Mkono wa kushoto niliupiga bandi kwa njia yako, wa kulia kwa njia yangu. Jumamosi nikaenda naye kazini, nikamvalisha, nikamwambia inua. Marcelline akaacha mashine akaja kutazama. "Acha mutoto mwenyewe aseme," akasema, "hapana mumuvute huku na kule sawa kitambaa." Tumu akainua mikono yote, akageukia kioo, akainua tena. Kisha akashika wa kulia.

"Huu," akasema. "Huu hauning'ati."

Nakuandikia ili uamue wewe. Bandi ni uzi tu, inafumuka.

Biubwa


Ngamiani, Tanga
4 Machi 2025

Bi Biubwa,

Mfungo uwe mwepesi kwako.

Nilikuomba ushone, sikukuomba umuulize. Mtoto ukimwambia achague kati ya kazi ya mtu aliye mbele yake na kazi ya mtu asiyemwona, unajua atashika ipi. Na mwenye bandi ni wewe. Unaweza kuilegeza hapa na kuikaza pale. Sisemi umefanya hivyo. Nasema mimi ningefanya.

Vidole viwili nitakueleza, pengine Ameir hajakwambia. Tulipoachana tulikubaliana Tumu abaki nami. Mama yangu alipopata kiharusi sikuweza kumgeuza mgonjwa na kumlea mtoto kwa pamoja. Ameir akaja akamchukua, akasema ni mpaka mambo yatulie. Mama alifariki Oktoba. Mambo yametulia. Sasa Ameir anasema mtoto kashazoea shule, tena kafika umri wa kupambanua, kwa hiyo Desemba ami yake Ameir, Mzee Vuai, atamkalisha chini amuulize anataka kuishi kwa nani, kama ilivyo desturi yetu. Ataulizwa mara moja. Atakachosema ndicho kitakachofuatwa.

Gauni hili nataka alivae Idi, na nataka alivae Desemba akishuka kwenye basi hapa. Atakuwa amekua. Mkono wa duara ukibana, ni kufumua kila kitu. Mshono wa bapa ni mmoja. Unaufungua, unaachia vidole viwili, unafunga, basi. Kitambaa kilichobaki nimejishonea gauni langu, tuvae sare siku hiyo.

Kwa hiyo shona bapa. Na usimuulize tena mtoto achague jambo lolote kabla ya Mzee Vuai.

Juzi kwenye simu nilimuuliza amefuturu nini, akanijibu, "Eish, mama, nimechoka." Hiyo eish kaipata kwako?

Kidawa


Fordsburg, Johannesburg
2 Aprili 2025

Mama Tumu,

Idi ilikuwa Jumatatu. Gauni nimelishona bapa, mikono yote miwili, kama ulivyotaka. Nguo ni yako. Eish si yangu, ni ya shule, ingawa sasa hata mimi inanitoka.

Tulizunguka nyumba za watu wetu mtaani. Unajua wakubwa walivyo. Kabla hawajampa mtoto sikukuu yake, lazima wamvute upindo na kumuuliza, "Nani kakushonea?" Nyumba ya kwanza Tumu alijibu kwa sauti ndogo, "Mama yangu wa Tanga." Akapewa sarafu. Nyumba ya pili akajibu kwa sauti kubwa. Tulipofika kwa Samira, alisema kabla hajaulizwa, tangu mlangoni. Samira akanigeukia: "Kwani we Biubwa cherehani umeiuza?" Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Niliona wivu, na sina haja ya kukuficha, kwa sababu wewe uliona wivu kwa mkono uliopigwa bandi tu. Nimeolewa mwaka wa sita huu, sijazaa. Mtoto huyu namwogesha, namsuka, namvusha barabara pale kwenye robot, taa za barabarani, kila asubuhi, taa ikiwaka nyekundu ananishika mkono bila kuambiwa. Ananiita Anti. Ndivyo anavyomwita hata yule mama mwenye spaza, kiduka cha mtaani, anayetuuzia mkate.

Alipendeza. Hilo niseme.

Biubwa


Ngamiani, Tanga
21 Aprili 2025

Bi Biubwa,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili, hasa pale kwa Samira. Sitasema nilikuhurumia. Nilijisikia nimeshiba.

Ahsante kwa kushona. Ila umeniandikia nyumba mlizokwenda, sarafu alizopewa na taa za barabarani, na vidole viwili hukuvitaja. Umeviacha?

Kidawa


Ngamiani, Tanga
9 Septemba 2025

Bi Biubwa,

Aprili nilikuuliza swali, ukanyamaza. Fauzia kanijibia.

Alipokuja kwenu mwezi uliopita, Tumu alilivaa gauni ili amwonyeshe. Fauzia anasema likavuta kwapani, mtoto akashindwa kumkumbatia shingoni, mikono ikaishia kifuani. Akamvua, akaligeuza gauni ndani nje. Vidole viwili hakuviona. Aliona mshono wa ovaloki, mwembamba kama ukucha, kutoka ncha ya mkono mpaka chini, kulia na kushoto.

Fundi aliyeambiwa aache akiba haikati kwa bahati mbaya. Umenikatia Desemba yangu. Ulijua likimbana atalivua, na akilivua utamshonea lingine, na siku ya kuulizwa ataketi mbele ya Mzee Vuai amevaa nguo yako, harufu ya nyumba yako, na jibu ulilomfundisha.

Mara hii ujibu.

Kidawa


Fordsburg, Johannesburg
26 Septemba 2025

Mama Tumu,

Nitakueleza kazi ilivyokwenda.

Mshono mrefu niliushona kwa cherehani ya kawaida na vidole viwili vilikuwepo. Kisha nikalipeleka kwenye ovaloki ili ncha zisichanike. Ovaloki ina kisu pembeni mwa sindano. Kila kilichozidi inakikata huku inashona. Mashati kutwa nayapitisha hivyo hivyo, mkono unakwenda wenyewe. Marcelline ndiye aliyepiga kelele: "Biubwa! Sasa unafanya nini? Ile si ulipashwa kuacha?" Nilipoinua mguu kwenye pedali, upande wa kulia ulikuwa umekwisha. Wa kushoto nikaumalizia, kwa sababu gauni haliachwi upande.

Ukiniuliza kama nilisahau, nitasema nilisahau. Ukiniuliza kama niliumia nilipoviona vile vipande vya kijani sakafuni, nitasema hapana.

Lakini usiseme nilitaka alivue. Halivuliki hilo. Ijumaa analitaka, Jumapili analitaka, linambana na analitaka. Julai nilimshonea jingine, la zambarau, mkono wa duara, begani pamejaa vizuri, kazi ambayo hata wewe usingeitia kasoro. Alinishukuru kwa adabu. Limetundikwa. Na akilala, anakunja kanga yako ile aliyokuja nayo chini ya shavu, ile iliyofifia mpaka maandishi hayasomeki. Siruhusiwi kuifua. Aprili sikukuandikia hilo kwa sababu ungefurahi.

Na jibu sijamfundisha. Ningejua la kumfundisha, ningemfundisha.

Kinachobana ni kwapa. Dawa yake unaijua, ni kikwapa, kile kipande cha pembe nne kama cha kanzu, kinachoingia chini ya mkono. Kitambaa nimekitafuta Fordsburg nzima, mpaka kwa wanaouza kwa jumla. Kijani kipo. Nukta zao ni kubwa, zitaonekana. Nitumie mabaki.

Biubwa


Ngamiani, Tanga
17 Oktoba 2025

Bi Biubwa,

Mabaki hakuna. Nilikwambia nimejishonea gauni. Dukani nilikonunua nako kimekwisha.

Nimeifumua mikono ya gauni langu. Humo nimekata vikwapa viwili, vikubwa kuliko unavyohitaji, vimo kwenye bahasha hii. Langu sasa halina mikono, nitajitanda mtandio.

Usidhani nimesamehe. Nataka mwanangu akishuka kwenye basi aweze kunishika shingoni.

Unavyovishona ni shauri lako. Nimechoka kukuelekeza.

Kidawa


Fordsburg, Johannesburg
11 Desemba 2025

Mama Tumu,

Barua hii imo kwenye mkoba wa Tumu, kwa hiyo jibu alilompa Mzee Vuai umeshaliona limeshuka kwenye basi pamoja na Fauzia. Nitakueleza lilivyotoka, maana Ameir atalieleza kwa namna yake.

Ilikuwa Jumapili baada ya alasiri. Mzee Vuai kwenye kochi, Ameir pembeni yake, Tumu kwenye zulia na gauni la nukta. Sikumwambia alivae wala asilivae. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali, mlango wazi. Mzee akauliza, "Haya mjukuu wangu, mtu mzima wewe sasa. Unataka kuishi wapi, hapa kwa baba, au Tanga kwa mama?"

"Tanga," akasema. Hakufikiri.

Kisha akauliza, "Anti naye anakuja?"

"Anti anakaa na mumewe," akajibu Mzee.

"Sharp," akasema Tumu, yaani sawa, kama wanavyosema shuleni.

Ameir alicheka peke yake. Mimi niliendelea kusonga mpaka ugali ukawa tofali, na tukaula hivyo hivyo. Mzee Vuai aliusifu. Ana adabu yule mzee.

Sasa gauni. Mkono wa kushoto nimeutia kikwapa kizima nikaufunga bapa, mshono mmoja mpaka chini. Wa kulia niliufumua wote. Kikwapa nikakikata vipande viwili vya pembe tatu, kimoja nikakitia kwenye mkono, kimoja kwenye ubavu, nikafunga mkono peke yake na ubavu peke yake, ndipo nikaupachika mkono kwa duara. Ni ule aliouchagua Februari. Kwenye ovaloki sikulipeleka, ncha zote nimezishona kwa mkono. Vikwapa ulivikata vikubwa, kwa hiyo pande zote mbili nimeacha vidole viwili. Wa kushoto utaufungua kwa urahisi. Wa kulia utakusumbua. Ukitaka kuutoa uushone upya kwa njia yako, mkasi ni wako na mtoto ni wako, na mimi sitakuwepo kuzuia.

La zambarau limo begini, chini kabisa. Asipolivaa usimlazimishe. Akilivaa, nijulishe.

Asubuhi hii shule imeshafungwa, nilimwacha Tumu amelala; pale kwenye robot taa ilipowaka nyekundu nilinyoosha mkono, nikakumbuka kwamba niko peke yangu.

Biubwa


Ngamiani, Tanga
19 Desemba 2025

Mdogo wangu Biubwa,

Kafika. Alishuka amejaa vumbi, nywele umemsuka hata safari yote haikuzifumua. Alinishika shingoni kwa mikono yote miwili na gauni halikuvuta.

Kesho yake nililigeuza ndani nje. Vidole viwili nimeviona, kushoto na kulia. Wa kulia niliutazama kwa muda mrefu, mkasi ukiwa mapajani. Nilitafuta kosa. Begani hapana hata mkunjo mmoja, nukta zimekutana na nukta. Nilitaka sana kulipata hilo kosa. Mkasi nimeurudisha kabatini.

Jana jirani zangu walikuja kumwona. Bi Mwajabu, mkubwa wao, akamvuta upindo, akamuuliza kama wanavyouliza wote: "Nani kakushonea?" Nilikuwa namimina kahawa. Jibu nililijua, wewe mwenyewe uliniandikia, nikauweka uso wangu tayari.

Tumu akanyoosha mikono mbele yao, akaionyesha mmoja mmoja.

"Huu wa Anti. Huu wa mama."

"Kumbe una mafundi wawili!" akasema Bi Mwajabu. Watu wakacheka. Nikacheka nao. Kahawa ilijaa kikombe ikamwagika kwenye sinia, na sikuiona mpaka waliponiambia.

La zambarau kalivaa leo, kaenda nalo dukani. Uliniambia nikujulishe.

Ya kule kwa Samira uliniandikia bila kupunguza, nami sitapunguza. Alianza na wako.

Kidawa